Je, vyakula huleta makohozi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kusi ikivuma na mvua zikianza, nusu ya watoto wa mtaa huwa na kamasi, na kila nyumba huwa na mshtakiwa wake: maziwa, ndizi, barafu, maji ya friji. Tumeyajibu maswali yanayorudi zaidi. Palipo na utafiti tumeutaja, na pale wazee walipopatia tumesema wamepatia.

Makohozi ni nini hasa, na yatoka wapi?

Ndani ya pua, koo na mirija ya hewa kuna utando unaotoa ute usiku na mchana. Seli ndogo zenye umbo la kikombe na tezi zilizo chini yake ndizo zinazoutengeneza. Ute karibu wote ni maji, kama sehemu 95 kwa 100. Kinachobaki ni chumvi, mafuta kidogo, kinga za mwili, na protini ziitwazo musini. Musini ndizo zinazoupa ute ule mnato: protini kidogo tu ikikutana na maji hufura mara nyingi zaidi ya ukubwa wake.

Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote hutoa kiasi kinachokaribia lita moja kwa siku. Huoni ute huo kwa sababu juu ya utando kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopiga kama makasia, zaidi ya mara 10 kwa sekunde, vikiusukuma mpaka kooni, nawe waumeza bila habari. Ukijikusanya puani tunauita kamasi, ukipanda kutoka kifuani ni kohozi, na watu wazima wa Mombasa huita yote balghamu.

Sasa, mtu akisema "chakula fulani chaniletea makohozi", anaweza kuwa anasema mojawapo ya mambo matatu. La kwanza, ute umezidi kwa wingi. La pili, ute ni ule ule ila umekuwa mzito. La tatu, ute haujabadilika, ila koo lahisi kama kuna kitu kimeganda. Chakula mara nyingi hugusa hilo la tatu, la pili mara chache, na la kwanza kwa njia maalumu ambazo tutazitaja. Ubishi mwingi wa barazani hutokana na kuchanganya haya matatu.

Haya, maziwa yanaleta au hayaleti?

Kwa watu wengi, hayaleti. Huko Adelaide, Australia, watafiti waliwatia watu wazima 60 virusi vya mafua puani kwa makusudi, kisha wakawafuatilia siku baada ya siku. Kila aliyepenga kamasi, tishu yake ilipimwa uzito. Maziwa aliyokunywa yaliandikwa pia: wapo ambao hawakunywa hata tone, na wapo waliofika gilasi 11 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: wanywaji wa maziwa mengi hawakutoa kamasi zaidi. Kilichojitokeza ni kwamba wale walioamini tangu mwanzo kuwa maziwa huleta makohozi walilalamika zaidi kwa kikohozi na kuziba, ilhali tishu zao hazikuwa nzito kuliko za wenzao.

Mwaka 1993 baadhi ya watafiti hao walirudi na jaribio jingine. Wengine walipewa maziwa ya ng'ombe, wengine kinywaji cha soya kilichotiwa ladha ili wasitambue. Wote wawili, wa maziwa na wa soya, walisema mambo yale yale: ulimi una utando, mate mazito, koo lataka kumezwa mara kwa mara. Kwa hiyo hisia ipo, na si ya kubuni, ila haitokani na umaziwa wa maziwa.

Chukua kijiko kikubwa cha maziwa yasiyopunguzwa mafuta, yazungushe kinywani, meza, subiri nusu dakika, kisha tema mate kwenye sahani. Utaona mate yamekuwa meupe na yanavutika. Huo ni mchanganyiko wa vitone vya mafuta na mate. Vitone hukutana na musini za mate na kushikamana. Suuza kinywa, subiri dakika 10, kisha rudia kwa tui zito la nazi, kwa sababu tui nalo ni vitone vya mafuta ndani ya maji. Utando utauhisi vile vile. Lakini ni nadra kumsikia mtu wa Mombasa akimkataza mwanawe wali wa nazi kwa sababu ya balghamu. Maziwa yamebeba lawama peke yao.

Kwa haki, upo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliochukua watu ambao tayari walikuwa wakilalamika kwa ute mwingi kooni, ukawagawa bila wao kujua nani anapewa maziwa na nani hapewi. Wasiopewa walisema nafuu yao ilikuwa kubwa zaidi. Kipimo kilikuwa maelezo yao wenyewe, si mizani. Tunausoma hivi: mwenye koo sumbufu ana ruhusa ya kujijaribu. Hauthibitishi kwamba nyumba nzima iache maziwa.

Mbona basi kila nikinywa chai ya maziwa asubuhi nasafisha koo mpaka saa nne?

Asubuhi ute wa usiku kucha umelala nyuma ya koo. Chochote cha moto kitaulegeza, hata maji matupu. Ongeza utando wa maziwa na sukari juu yake, na mahamri mawili yaliyokaangwa kwenye tumbo lililokuwa tupu, na kile chetezo cha udi kilichopitishwa chumba hadi chumba. Sababu ziko nne, anayetajwa ni maziwa.

Badilisha chai tu, kwa siku nne: kunywa turungi na usibadilishe kingine chochote. Ukiendelea kukohoa vile vile, maziwa yameachiwa huru.

Nitajuaje kwa uhakika kama chakula fulani chanidhuru mimi?

Utahitaji daftari na wiki nne. Wiki ya kwanza kula kama kawaida yako, ila andika: umetema mara ngapi kabla ya saa nne asubuhi, rangi gani, umekula nini jioni na saa ngapi, umelala saa ngapi, na kama kulikuwa na moshi wa aina yoyote ndani. Wiki ya pili na ya tatu ondoa chakula kimoja, na kiwe kimoja tu. Ukishuku maziwa, basi ondoa pia mtindi, jibini, aiskrimu, na chai ya maziwa ya kazini. Wiki ya nne kirudishe kwa kiasi ulichozoea. Kikiwa ndicho chenye kosa, dalili zapaswa kupungua kilipotoka na kurudi kiliporudi. Kupungua peke yake hakutoshi.

Majaribio haya huharibika kwa njia mbili za kawaida. Ya kwanza, mtu huacha maziwa, barafu, ndizi na maji baridi kwa mpigo; akipona hajui kilichomponya. Ya pili ndiyo inayowadanganya wengi zaidi: mtu huanza jaribio akiwa katikati ya mafua. Mafua huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, hata ukila nini. Ukiacha maziwa siku ya tano, siku ya tisa utaapa kwamba maziwa ndiyo yaliyokuwa na neno. Anza ukiwa huna mafua.

Ukitaka ukali zaidi, mwambie mtu wa nyumbani akutengenezee kakao, siku nyingine kwa maziwa ya ng'ombe na siku nyingine kwa ya soya, aandike kwa siri, msomeane mwisho.

Jaribio hili lisifanywe kwa mtu ambaye chakula humvimbisha midomo, humtoa vipele papo hapo au humkaba pumzi. Huo ni mzio wa kweli, na kukirudisha chakula hicho ni hatari.

Mwanangu ana mafua. Nimkatie maziwa?

Usimkatie. Mtoto mdogo hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na akianza chekechea huweza kuzidi. Kila mafua yakikatiwa maziwa kwa wiki mbili, atakuwa ameyakosa karibu miezi mitatu au zaidi kila mwaka. Kikombe cha mililita 250 kina karibu miligramu 300 za kalsiamu na gramu 8 za protini, na mtoto mgonjwa asiyetaka kutafuna mara nyingi hukubali kikombe hata akikataa sahani.

Kama una sababu nyingine ya kuyaacha, fidia. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi, sukuma wiki inayo ya kutosha na mwili huipokea vizuri, na ufuta pia. Mchicha ukipimwa una kalsiamu lakini una kitu kinachoifunga, mwili hupata kidogo. Tui la nazi si mbadala wa maziwa hata kidogo, licha ya rangi: mafuta yamo, kalsiamu karibu hamna.

Mtoto anyonyaye anyonye hata akiwa na pua iliyoziba. Mpanguse, mtie matone mawili matatu ya maji ya chumvi ya dukani katika kila tundu kabla ya kunyonya, umnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi. Chakula cha mama hakigeuki kohozi la mtoto.

Mzio wa maziwa ya ng'ombe kwa wachanga upo, lakini hauji na kamasi peke yake. Huja na vipele, kutapika, kuharisha, pengine damu kwenye choo. Na yule ambaye maziwa humjaza gesi na kumharisha ana tatizo la sukari ya maziwa, ambalo ni la tumbo na halihusiani na kifua.

Maziwa mabichi, ya ng'ombe au ya ngamia, yachemshwe. Hilo si suala la makohozi, ni suala la bruselosi, homa itokayo kwa mifugo, ila tumeona tuliseme.

Bibi yake mwanangu amkataza ndizi na machungwa usiku, asema ni vitu vya baridi vinavyoleta balghamu. Elimu hiyo yatoka wapi?

Yatoka mbali kuliko watu wanavyodhani. Neno balghamu lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, nao Waarabu walilipokea kutoka kwa Wayunani. Katika utabibu wa Hippocrates na Galen, uliokuzwa baadaye na Ibn Sina (980 hadi 1037), mwili una viowevu vinne: damu, safura (nyongo ya manjano), sauda (nyongo nyeusi) na balghamu. Balghamu ilihesabiwa kuwa ya baridi na unyevu, basi chakula chenye tabia hiyo kilidhaniwa kuizidisha, na cha joto kama tangawizi, pilipili manga na asali kuivunja. Musa bin Maimun, tabibu wa Misri katika karne ya 12, aliyaonya maziwa kwa watu wenye pumu. Kwa hiyo bibi hajabuni. Ameshika elimu iliyovuka bahari pamoja na karafuu na udi.

Tatizo ni kwamba ute hauzalishwi kwa namna hiyo. Ndizi huvunjwa tumboni na utumboni ikawa sukari, na sukari hiyo haina barabara ya kwenda kugeuka kohozi kifuani. Ndizi mbivu huacha utando kinywani kwa ule unyevu wake wa kunata, ndiyo maana anayekohoa huhisi imezidisha. Chungwa lina asidi. Koo lenye kidonda litawashwa, na kuwashwa huleta kikohozi.

Na maji baridi?

Hapa wazee wana hoja. Mwaka 1978 huko Florida, Marekani, watafiti walipima kasi ambayo ute wa pua husafiri baada ya mtu kunywa. Baada ya maji ya moto kasi ilipanda kutoka milimita 6.2 kwa dakika hadi 8.4. Supu ya kuku iliipandisha kutoka 6.9 hadi 9.2. Maji baridi yaliishusha kutoka 7.3 hadi 4.5. Faida ya vinywaji vya moto ilikuwa imeisha baada ya nusu saa.

Maji baridi hayakuongeza ute, yalipunguza mwendo wake. Ute uendao polepole hujikusanya, na anayeuhisi husema umezidi. Mwenye mafua akichagua kahawa tungu ya tangawizi badala ya soda ya barafu amechagua vyema kwa nusu saa hiyo. Lakini maji ya friji hayamwambukizi mtu mafua. Mafua huletwa na virusi, na hao hubebwa na mikono na pumzi za watu.

Mwenye pumu ni habari nyingine: kitu cha baridi sana kinaweza kumbana kifua. Huyo asikilize mwili wake.

Ni chakula gani basi kinachoongeza ute kweli?

Pilipili. Viazi karai vyenye pilipili ya ukwaju, achari ya embe, bajia na chatne: dakika mbili hazipiti pua yachuruzika. Ile kapsaisini ya pilipili huamsha neva zinazopokea joto na maumivu kinywani na puani, nazo huamrisha tezi zitoe maji. Ute huo ni mwepesi kama maji, hauna rangi, na hukoma mara baada ya kula. Si mzio na si ugonjwa. Kwa watu wengine, hasa umri ukisonga, hata supu ya moto isiyo na pilipili hufanya hivyo. Ikiwa aibu ya kupenga mezani inakusumbua, ipo dawa ya kupulizia puani ya ipratropiamu ambayo daktari anaweza kuiandika, hutumika kabla ya mlo.

Ajabu ni kwamba pilipili, inayozalisha ute kwa ushahidi wa macho, ndiyo inayosifiwa kwamba huondoa balghamu. Yote mawili ni kweli kwa kiasi: huleta ute mwepesi unaousukuma ule mzito.

Koo langu lina kitu hakitoki wala hakimezeki, na sina mafua. Nimeacha maziwa, hakuna tofauti.

Tazama tumbo. Asidi ya tumbo ikipanda mpaka kooni, hata kidogo tu, koo hujilinda kwa kutoa ute, na mtu hukaa akisafisha koo kutwa. Wengi wao hawana kiungulia, kwa hiyo hawashuku. Dalili zinazoambatana ni sauti kukwaruza asubuhi, ladha chungu ukiamka, na kikohozi ukilala chali.

Ramadhani ni mwezi wa koo la namna hii. Futari ni sambusa, kaimati, viazi vya nazi, mbaazi na samaki wa kukaanga kwa pamoja, daku huliwa karibu na alfajiri, kisha mtu hurudi kitandani akiwa ameshiba. Mafuta hufanya tumbo lichelewe kumwaga, na mlango wa juu wa tumbo hulegea. Kulala chali hukamilisha kazi.

Rekebisha hivi. Acha saa 3 kati ya mlo mkubwa na kulala. Kwa daku, ambapo haiwezekani, kula kidogo, tena kisicho na mafuta, kisha keti ukiegemea badala ya kulala bapa. Inua upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii: kunakunja tumbo na kulibana, asidi ikapanda zaidi. Punguza kwa wiki mbili vitu vya kukaanga, kahawa, chokoleti, na nyanya nyingi. Na acha kukwaruza koo. Kila ukikwaruza, nyuzi za sauti hugongana na kuvimba, ute ukazidi. Meza mate au piga funda la maji.

Bamia na mlenda ni vya utelezi. Havigeuki ute?

La. Utelezi wa bamia ni aina ya sukari ya mmea, nayo hupita utumboni kama nyuzinyuzi. Kufanana si undugu.

Mimi huimba taarabu (au nasoma Kurani, au naadhini). Nisiguse maziwa kabla?

Usiguse kwa saa moja au mbili. Hapa desturi ya waimbaji ni nzuri, kwa sababu kinachoharibu sauti ni utando kooni, haidhuru umetoka wapi. Hesabu pia tui, halwa, karanga na chokoleti. Kunywa maji ya kawaida kidogo kidogo tangu mchana, kwani maji unayokunywa dakika tano kabla ya kushika kipaza sauti huwa bado hayajafika kwenye nyuzi za sauti; hizo hulainika mwili mzima ukiwa na maji. Tangawizi kali mbichi huwasha na kuleta ute wakati usioutaka. Ipunguze siku ya shughuli.

Kwenye simu kuna watu wanaofundisha "mlo usio na ute", kwamba magonjwa yote yatokana na makohozi ya vyakula.

Fundisho hilo lilienezwa na Arnold Ehret, Mjerumani aliyefariki Marekani mwaka 1922, na baadaye likachukuliwa na Alfredo Bowman wa Honduras, ajulikanaye kama Dr. Sebi, aliyefariki mwaka 2016. Wanasema wali, mkate, nyama, mayai na maziwa hugeuka ute unaoziba mwili. Hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha hilo. Mtu akiyafuata hula matunda na mboga nyingi na kuacha vya kukaanga, hujisikia mwepesi, na asidi ya koo hutulia. Hilo laeleweka bila nadharia ya ute. Hatari huanza mwenye kisukari, pumu au kifua kikuu anapoacha dawa zake, au mama mjamzito anapoacha nyama, mayai na maziwa kwa pamoja.

Nini basi hupunguza au kulegeza makohozi?

*Asali.* Hutuliza kikohozi cha usiku. Nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, kijiko kimoja kwa wa miaka 6 hadi 11, kabla ya kulala. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe hata ya kuonja: huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambao kwa mchanga huleta ulegevu wa mwili unaoweza kuua.

*Kusukutua kwa chumvi.* Nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya uvuguvugu.

*Kusafisha pua.* Hili husaidia sana wenye kamasi sugu, na ndilo linalokosewa sana Mombasa. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi yake, kwa hiyo ukiongeza nyingine kipimo kimeharibika na pua itachoma. Zaidi ya hapo, maji yasiyochemshwa yasipite puani kamwe, hata ya mfereji au ya bozi (lori la maji). Kuna amiba adimu ambaye akimezwa hana neno, lakini akipandia puani hufika kwenye ubongo. Chukua maji matamu, yachemke kwa dakika nzima yakitokota, yaache yapoe yawe vuguvugu. Katika mililita 240 tia robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi laini. Inama juu ya sinki, laza kichwa upande, fungua kinywa, mimina tundu la juu yatokee la chini. Yakichoma, chumvi imepungua au imezidi. Chombo kioshwe na kuanikwa kikauke.

*Kujifukiza.* Mvuke hutuliza kwa muda. Sufuria ya maji yanayotokota chini ya shuka pamoja na mtoto huishia kwenye wodi ya walioungua. Kwa watoto tumia bafu lenye mvuke, au acha kabisa.

*Dawa ya kupaka yenye mentholi.* Hufanya ubongo uhisi ubaridi wa hewa. Pua yenyewe haijafunguka. Isipakwe watoto walio chini ya miaka 2, wala ndani ya pua za yeyote.

*Sharubati za kemisti.* Kwa walio chini ya miaka 6 faida haionekani na madhara yapo. Kwa mtu mzima faida ni ndogo. Antibiotiki haziui virusi vya mafua.

*Maji.* Mwili uliokaukiwa huwa na ute mzito, basi kunywa mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu. Kujilazimisha lita tano hakuongezi kitu.

Kohozi la kijani si lazima niende kutafuta antibiotiki?

Si lazima. Ukijani ni kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu zinazopigana, na hutokea kwenye mafua ya kawaida, kwa kawaida kuanzia siku ya pili au ya tatu. La kutazama ni muda na hali ya mtu.

Kama si chakula, ni nini hasa kinachotutoa makohozi mwaka mzima?

Moshi, kwanza kabisa. Jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, sigara ya baba hata kama avutia mlangoni, ile dawa ya mbu ya duara inayowashwa usiku kucha dirisha likiwa limefungwa, na udi. Twajua kuligusa la udi ni kugusa heshima ya nyumba, lakini moshi ni moshi, hata ukinukia. Nguo zifukizwe juu ya tenga barazani au uani badala ya chumba alimolala mwenye pumu, na chumba kipate hewa nusu saa kabla ya kulala. Baada ya moshi ni kuvu: kuta za Mji wa Kale na za nyumba nyingi za kisiwani hunyonya unyevu, na ile mabaka meusi nyuma ya kabati hutoa vumbi linalochokoza pua. Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, sugua kwa maji ya jiki ukiwa umefungua madirisha. Anika godoro na mito juani kila wiki.

Ni lini niache kubahatisha na kwenda hospitali?

Mtoto: hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Mpeleke siku hiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri asubuhi.

Mtu mzima: kohozi lenye damu, jasho la usiku, kupungua mwili, homa zisizoisha, au kikohozi kilichofika wiki mbili. Hapo kinachotafutwa ni kifua kikuu, na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali.

Utapewa kikopo. Wengi hurudisha mate, na mate hayapimiki. Lililo bora ni kohozi la kwanza la asubuhi. Suuza kinywa kwa maji matupu, usitumie dawa ya meno. Toka nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili, uizuie kidogo kila mara, ya tatu kohoa kutoka chini kifuani. Kinachotakiwa ni kizito, chenye mnato, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kikiwa cheupe chenye mapovu, hicho ni mate, rudia. Funga kifuniko barabara na ukifikishe maabara siku hiyo hiyo.